Pampu ya Tatu kwenye Gari Lile Lile: Tathmini ya Pampu za Maji, Kulanti na Kazi ya Gereji

Pampu ya maji ikifa kwenye gari lenye kilomita 150,000, hakuna cha kushangaa, imechoka. Ikifa ya pili kabla ya mwaka kwisha, na ya tatu ikaanza kudondosha wiki chache baada ya kufungwa, mwenye gari humlaumu muuza spea, muuza spea humlaumu fundi, na fundi husema vitu vya siku hizi ni feki. Kila mmoja ana kipande chake cha ukweli. Ila mara nyingi kiini cha tatizo hakimo kwenye pampu kabisa: kimo kwenye kulanti (maji maalumu ya kupozea injini), kwenye mfuniko wa rejeta, kwenye mkanda, au kwenye mikono iliyoifunga. Ndiyo maana tathmini hii haiishii kwenye boksi la spea. Kinachomiminwa ndani ya pampu na kazi ya gereji navyo vinapimwa, maana mteja huvilipia vyote.

Kilichomo kwenye boksi

Pampu inayozungushwa na mkanda si kitu cha ajabu: bodi ya aluminiamu, shafti moja, beringi iliyofungwa pamoja na grisi yake ya maisha, sili ya kuzuia maji katikati, mapanga upande mmoja na flenji ya puli upande wa pili. Pampu ya miaka minane na ya miezi minane hutofautiana zaidi kwenye sili. Hii si sawa na oili sili ya mpira. Ni nyuso mbili ngumu, mara nyingi kaboni kwa seramiki au kwa silikoni kabaidi, zinazosuguana huku springi ikizibana. Kati yake hupita utando mwembamba wa kulanti, na utando huo ndio mafuta yake na ndio ubaridi wake. Zikizunguka kavu hata kwa muda mfupi, nyuso hizo huchubuka na hazirudi tena kuwa sawa.

Kwa kuwa utando huo upo, sili hupitisha mvuke kidogo kwa maumbile yake. Ndiyo kazi ya kile kitundu kidogo chini ya shafti: kinachopenya kitokee nje, kisiingie kwenye beringi. Doa hafifu karibu na kitundu, au matone machache katika dakika za kwanza za pampu mpya, si hitilafu. Tone linaloning'inia kila asubuhi, au ukoko wa rangi ya waridi au kijani ulioshuka kwenye bodi kama mchirizi, ni hitilafu hata kama geji ya joto haijasogea. Wapo wanaokiziba kitundu hicho kwa gundi ya chuma na kudai uvujaji umekwisha. Uvujaji haujakwisha, umeelekezwa kwenye beringi, unasafisha grisi, na siku chache baadaye pampu inaanza kulia.

Kuhusu madaraja ya pampu, maoni yetu ni haya. Boksi lenye nembo ya kampuni ya gari kwa kawaida lina pampu iliyotengenezwa na kampuni nyingine. Aisin huitengenezea Toyota. Pierburg ndiye mtengenezaji wa pampu nyingi za umeme zilizomo kwenye BMW. Kununua pampu ya mtengenezaji huyohuyo kwenye boksi lake mwenyewe ndiko ununuzi wenye akili zaidi, ilimradi muuzaji awe anaaminika, kwa sababu majina haya ndiyo yanayoigwa zaidi. Daraja linalofuata ni la chapa zinazojulikana za spea kama GMB, SKF, INA au Hepu. Hizo zinatosha kabisa kwa pampu inayofunguka kirahisi. Pampu isiyo na jina, yenye boksi jeupe na namba ya stika, inaweza kufanya kazi, na baadhi hufanya kwa miaka, lakini hapo hununui pampu bali unacheza kamari. Tungeikubali tu mahali ambapo kuibadilisha tena ni kazi ya saa moja. Ya mtumba, iliyotolewa kwenye injini nyingine, hatuipendekezi kwa yeyote: sili yake imeshakauka ikiwa rafuni, na nyuso zilizokauka na chumvi juu yake huvuja zikirudishiwa maji.

Kabla ya kulipa, iweke pampu mpya kando ya ya zamani. Hesabu matundu ya boliti, kisha pima kwa venia (kipimo cha milimita) urefu kutoka uso wa gasketi hadi ncha ya mapanga na kutoka uso huo hadi flenji. Mapanga yakiwa mafupi kwa milimita mbili tu, pengo kati yake na ukuta wa injini linakuwa kubwa na maji yanazunguka palepale badala ya kusukumwa. Dereva ataona joto likipanda akiwa kwenye foleni na kushuka akianza kutembea, na kila mtu atalaumu feni. Yakiwa marefu, yatakwaruza bloku. Angalia pia upande ambao mapanga yamejikunja, kwani kuna injini za familia moja ambazo pampu zake huzunguka pande tofauti kulingana na mkanda unavyopita. Laza rula ya chuma juu ya uso wa gasketi uone kama kuna mwanga unaopita chini yake. Zungusha shafti kwa mkono: uzito kidogo unaolingana mzunguko mzima ni dalili njema, ni sili inayobana. Kukwama-kwama kama kuna mchanga ni sababu ya kuirudisha.

Mapanga ya plastiki yana sifa mbaya kuliko yanavyostahili. Yale ya miaka ya 1990 kwenye baadhi ya injini za BMW na Volkswagen yalipasuka na shafti ikazunguka bila kuyazungusha, ndipo jina likaharibika. Plastiki ngumu ya sasa iliyoimarishwa kwa nyuzi haipati kutu na umbo lake huwa sahihi kuliko bati lililokunjwa. Kati ya plastiki nzuri na bati jembamba lililobanwa kwenye shafti, chukua plastiki.

Isome maiti kwanza

Kosa kubwa la gereji nyingi ni kuitupa pampu iliyokufa bila kuitazama. Pampu hiyo ina ushahidi wote, na kuusoma huchukua dakika tano.

Nyuzi au vipande vya silikoni (gundi ya kuzibia maungio) vilivyonasa kwenye springi ya sili vinamtaja aliyeifunga mara ya mwisho. Silikoni ikipakwa nene, nusu yake hutokea nje ambako unaiona, na nusu nyingine hutokea ndani, inakatika, na kusafiri hadi kwenye sili au kwenye vijia vyembamba vya rejeta ya hita. Uso wa kaboni wenye mistari ya duara kama sahani ya santuri unaonyesha uchafu mgumu ndani ya maji: kutu, mchanga wa bloku, au ile poda ya kuziba rejeta. Poda hiyo haichagui kitundu cha kuziba. Shafti iliyogeuka rangi ya bluu au kahawia karibu na sili ilizunguka kavu, yaani maji yalipungua au hewa haikutolewa baada ya kazi. Mapanga yaliyolika vishimo vidogo vingi, kana kwamba yamedonolewa, yamepigwa na viputo vya mvuke vinavyopasuka juu yake. Pampu ilikuwa inanyonya kuliko inavyoletewa.

Hilo la mwisho ndilo linaloua pampu nzuri kwa ukimya, na chanzo chake mara nyingi ni mfuniko. Mfuniko wa rejeta umeandikwa shinikizo lake, kwa kawaida 0.9 au 1.1 baa, au 88 na 108 kwa kilopaskali. Maji matupu kwa baa 1 ya ziada huchemka kwenye nyuzi 120 hivi badala ya 100. Springi ikilegea au mpira ukikatika, nafuu hiyo yote inapotea, na mahali pa kwanza maji kuanza kuchemka ni pale shinikizo lilipo dogo zaidi, yaani nyuma ya mapanga ya pampu. Pampu inabadilishwa mara tatu kwa sababu ya mfuniko ambao ni miongoni mwa spea rahisi kuliko zote. Tazama pia hozi ya chini ya rejeta injini ikiwa kwenye mizunguko 3,000 kwa dakika: ikinyonywa na kubonyea, imezeeka au ile springi ya ndani imetolewa na mtu, na pampu inakosa hewa yake, kwa maana ya maji.

Beringi iliyolegea bila dalili yoyote ya kuvuja ni kesi tofauti kabisa. Sili haina hatia hapo. Mkanda umekazwa kupita kiasi, tenshena (kikaza mkanda) imekwisha, puli hazipo kwenye mstari mmoja, au, kwenye magari ambayo feni imefungwa juu ya shafti ya pampu, feni inayumba. Feni yenye panga moja lililovunjika, au klachi ya feni yenye mchezo, hupiga beringi kwa kila mzunguko. Hapo shafti yaweza kukatika kabisa na feni ikaingia kwenye rejeta. Anayefunga pampu mpya huku akirudisha feni inayocheza amefunga kifo cha pampu hiyo kwa mkono wake.

Kulanti, mahali ambapo pesa huokolewa vibaya

Rangi si kipimo cha chochote. Hakuna kanuni inayomlazimisha mtengenezaji kutumia rangi fulani kwa kemia fulani, kwa hiyo waridi mbili zaweza kuwa vitu viwili tofauti. Kinachohesabika ni kilichoandikwa kwenye kitabu cha gari. Watengenezaji wa Japani kwa muda mrefu wamekwepa silikati kwa hofu ya kulika kwa sili za pampu, wakatumia fosfati. Wa Ulaya wamekwepa fosfati kwa sababu ikikutana na maji yenye chokaa nyingi hutengeneza magamba. Ukichanganya ovyo, vizuia kutu hupungua nguvu na wakati mwingine huganda kama uji, na uji huo hukaa kwenye sili. Ile ya waridi ya muda mrefu ya Toyota, Super Long Life, huuzwa ikiwa imeshachanganywa nusu kwa nusu. Mabadiliko ya kwanza ni kwenye kilomita 160,000, na baada ya hapo kila 80,000. Kuiongezea maji tena ni kuiharibu.

Maji matupu ya bomba yana makosa mawili, sio moja. Yanaleta kutu na chokaa, na hayana kizuia kutu kinacholinda aluminiamu. Tumia maji yaliyotoneshwa, yale yanayouzwa kwa kujazia betri. Soma lebo kwa makini, maana asidi ya betri nayo huuzwa kwenye dumu linalofanana.

Kuna hesabu moja ambayo hukosewa karibu kila mahali. Mfumo wa lita 6 ukisafishwa kwa maji hadi yatoke meupe, kiasi cha lita 2 hubaki ndani ya bloku na hita. Fundi akimimina lita 4 za kulanti iliyokwisha kuchanganywa nusu kwa nusu, anapata lita 2 tu za kulanti halisi katika lita 6, yaani theluthi moja, si nusu. Dawa yake ni kununua ile isiyochanganywa, kumimina lita 3 kwanza, kisha kujazia kwa maji yaliyotoneshwa.

Kama pampu na rejeta vyote vinalika haraka licha ya kulanti nzuri, pima umeme ndani ya maji. Injini ikiwa baridi, fungua mfuniko, gusa ncha hasi ya mita kwenye hasi ya betri na chovya ncha chanya ndani ya kulanti bila kugusa chuma. Washa taa, feni, kila kitu, kisha piga stata. Hadi volti 0.1 hakuna neno. Ikivuka 0.3, ama kulanti imekwisha nguvu, ama kuna waya wa ethi uliolegea na umeme unarudi kupitia maji. Badilisha kulanti na upime tena. Ikibaki palepale, safisha ethi za injini na bodi.

Kazi ya gereji

Gereji nzuri hujulikana kabla hata ya kufungua boliti. Itapima shinikizo la mfumo kwa pampu ya mkono hadi kiwango cha mfuniko na kuiacha kwa dakika 15, injini ikiwa baridi, kwa sababu baadhi ya sili huvuja zikiwa baridi tu na kujifunga zikipata moto. Itatikisa puli kwa mkono. Itatoa mkanda na kuwasha injini kwa nusu dakika kusikiliza kama kelele imeondoka. Kama mfumo unajenga shinikizo haraka mno, itaweka ile dawa ya bluu juu ya shingo ya rejeta; ikigeuka njano kwenye injini ya petroli, moshi unaingia kwenye maji na tatizo ni gasketi ya silinda hedi. Pampu haitalitibu.

Kwenye kufunga, mambo yanayoharibu ni machache na hujirudia. Kusafisha uso wa bloku kwa diski ya kusaga: inachimba aluminiamu na kumwaga vumbi la msasa ndani ya injini. Tumia kikwangulio cha plastiki, au wembe kwa upole. Kugonga puli kwa nyundo ili iingie: pigo linapita moja kwa moja kwenye beringi na kuipasua seramiki ya sili. Kupaka silikoni pale ambapo kiwanda kimeweka oringi au gasketi ya chuma yenye mpira: haihitajiki, na hufanya boliti zisibane sawasawa. Oringi ilowanishwe kwa kulanti yenyewe, si kwa grisi wala oili, maana mpira wa aina hiyo huvimba ukikutana na mafuta. Pale ambapo kiwanda kinataka silikoni peke yake, utepe uwe wa milimita 2 hadi 3, pampu ifungwe ndani ya dakika chache kabla haijashika ngozi, na maji yasubiri kwa muda wa saa mbili au kama tyubu inavyosema. Hapa ndipo subira hukosekana zaidi.

Boliti za M6 (kipenyo cha milimita 6) huhitaji nyutonimita 10 hivi, za M8 20 hadi 25, zikikazwa kwa kukatiza katikati na si kwa kuzunguka. Tumia namba ya kitabu cha injini husika, na spana ya toki, ile inayopima nguvu ya kukaza; mkono wa fundi mzoefu hukaza M6 mara mbili ya hapo bila kujua.

Kisha hewa. Kabla ya kuwasha, jaza na uzungushe pampu kwa mkono mara kumi ili sili ilowane. Inua pua ya gari, fungua skrubu ya kutolea hewa kama ipo, weka hita kwenye moto wa juu, acha injini mpaka themostati ifunguke na feni iwake na kuzimika mara mbili. Njia bora kuliko hii ni kifaa cha kunyonya hewa: kinavuta mfumo hadi karibu hasi 0.8 baa, unaangalia kama sindano inasimama kwa dakika chache, kisha kinanyonya kulanti chenyewe. Gereji yenye kifaa hicho tunaipa alama za juu bila kusita, kwa sababu inakuwa imejaribu uvujaji kabla ya kumwaga hata tone moja.

Injini ambazo pampu si ya mzaha

Kuna injini ambazo pampu huzungushwa na taiming beliti (mkanda wa meno unaoendesha valvu): 3S-FE ya Toyota, EJ ya Subaru, Honda nyingi za mfululizo wa D na B, dizeli nyingi za 1.9 TDI za Volkswagen. Hapa pampu ya bei nafuu haina maana yoyote. Ikivuja, inailowesha beliti; beringi ikikwama, beliti inaruka, na kwenye injini ambazo valvu hukutana na pistoni, bili inakuwa ya hedi nzima. Badilisha beliti, pampu, tenshena na puli za kupitishia pamoja. Anayebadilisha beliti na kuacha pampu ya zamani amelipia kazi ileile mara mbili.

Ford V6 ya lita 3.5 iliyolala kwa upana, kama ile ya Edge na Explorer, ina pampu ndani ya injini, inayozungushwa na taiming cheni. Sili ikifa kabisa, kulanti huweza kuingia kwenye oili. Kulanti inayopungua bila kuonekana chini, na oili inayopanda kwenye dipstiki, ni sababu ya kuzima gari hapohapo. VQ35 ya Nissan nayo hutumia cheni, lakini ina kifuniko kidogo cha kuifikia pampu. Ubaya ni kuangusha boliti ndani ya uvungu wa cheni, kwa hiyo ziba chini kwa kitambaa safi kabla ya kugusa chochote.

Kwenye injini ya EA888 ya Volkswagen na Audi, pampu na themostati viko kwenye nyumba moja ya plastiki inayopinda kwa joto na kuvuja kwenye maungio. Usinunue kipande kimoja. Nunua moduli nzima, na ubadilishe kile kimkanda kidogo cha meno kinachoizungusha.

Pampu za umeme, kama za injini ya BMW N52 au ile ya Prius ya kizazi cha tatu, haziaminiki kwa dalili. Hazilii, hazidondoshi, zinasimama tu na taa ya joto inawaka. Kwenye N52 boliti za pampu ni za aluminiamu na hutumika mara moja. Za chuma hula bloku ya magnesiamu. Hewa hutolewa bila kuwasha injini: switi imewashwa, hita kwenye joto la juu na feni yake kwenye kasi ya chini, kanyaga mafuta hadi mwisho kwa sekunde 10, pampu itajizungusha yenyewe kwa dakika 12 hivi. Unganisha chaja ya betri kabla ya kuanza, la sivyo volti hushuka na zoezi hukatika katikati.

Kuhusu dhamana, wauzaji wengi huikataa kwa hoja tatu: silikoni ndani ya sili, kutu kwenye mapanga, au kukosekana kwa risiti ya kulanti iliyobadilishwa siku hiyohiyo. Dai risiti inayotaja aina ya kulanti na lita zake, andika tarehe na kilomita kwenye bodi ya pampu kwa kalamu ya rangi kabla haijafungwa, na uondoke na pampu ya zamani kwenye mfuko.